Viti vya Kamba Nyekundu

Tangu arusi ya Buffalo, mama yake Isaro hakukaa tena mbele ya kitu chochote.

Kanisani kwao, huku South End ya Louisville, alikuwa na benchi lake la pili kutoka mbele kwa miaka sita, benchi ambalo hata wageni walijua halikaliwi ovyo. Akaliacha. Akahamia la mwisho kabisa, lile la karibu na choo, katikati ya wamama wenye vichanga. Kwenye basi la mji alivipita viti vilivyowekwa kwa ajili ya wazee, akaenda mpaka nyuma huku basi limeshaondoka, akishika chuma hiki na kile kama mtu anayevuka mto. Kliniki alikaa mbali na dirisha la kuitia majina, akaitwa mara tatu asisikie, akarudi nyumbani na kikohozi chake. Mtu akimuuliza, alijibu kwa upole, na upole wake ulichoma kuliko ukali:

"Niache, mwanangu. Mahali pangu ni nyuma. Walishanionyesha."

Jina lake lilikuwa Nyirabagenzi. Waliomwonyesha ni kamati ya arusi ya mtoto wake wa kwanza, Ruta, aliyeoa huko Buffalo mwaka 2014. Kamati ile ilikuwa ya kisasa. Iligawa kadi za rangi tatu: za dhahabu kwa watu wa mbele, nyeupe kwa watu wa katikati, na za bluu kwa waliobaki. Ruta alidhani mama yake hahitaji kadi, maana ni mama. Kamati ilidhani Ruta ameshampa. Nyirabagenzi akasafiri kwa basi kutoka Louisville, akapita Columbus, akafika Buffalo miguu imevimba. Akavaa, akangoja watu wote wakae, kama inavyompasa mtu mzito, ndipo akajitokeza mlangoni. Hapo alimkuta msichana mgeni katika kanisa lile, ameshika orodha.

"Mama, kadi yako ni ya rangi gani?"

"Mimi ndiye nilizaa bwana arusi."

"Ndiyo, Mama. Na kadi?"

Akapelekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, kando ya makasha ya barafu yenye soda. Kila mpishi aliyetoka alimwomba asogeze goti.

Isaro, mdogo wake Ruta, alikuwa amesimama mbele na wasichana wa bibi arusi, kwa hiyo aliona yote. Alimwona kaka yake, kule jukwaani, akimtambua mama yao kule nyuma. Aliona macho yao yanakutana. Mpiga video alikuwa amepiga goti mbele ya maharusi, taa inawaka. Ruta akainua mkono, akapunga.

Basi kilichomchoma ni mkono ule. Kadi Nyirabagenzi angeisamehe, na yule msichana angemsamehe, hata kiti cha plastiki. "Alinipungia," alisema mara moja tu, akiwa anachambua maharage, "kama mtu ambaye iko kwa gari na mimi niko kwa barabara." Hakurudia tena. Alianza tu kukaa nyuma.

Mwanzoni watu walicheka. Kisha ikafika zamu ya Isaro kuolewa, na kicheko kikaisha.

Isaro alikuwa na miaka ishirini na saba. Alisoma katika kambi ya wakimbizi mpaka darasa la sita. Alipofika Marekani alikuwa mkubwa mno kwa shule, akaingia ghalani kufunga viatu kwenye maboksi. Hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kutazama, na wenzake ghalani walisema ukitaka kujua msimamizi ameamkaje, muulize Isaro, maana yeye anasoma mabega ya watu. Mchumba wake, Ndahiro, aliishi Columbus na kuendesha mashine ya kunyanyua mizigo. Walikuwa wamekubaliana, wazee wa Columbus wamekubali, ukumbi mdogo ukakodiwa Shively, siku ya posa ikawekwa. Kwa kuwa baba hayupo, Ruta alitoka Buffalo akaja kukaa mahali pa baba.

Wageni wa Columbus wakaingia na vinywaji vyao. Mbele yao alikuwapo Ruta, amevaa suti. Na kule mwisho wa ukumbi, karibu na mlango wa nyuma, kando ya makasha ya barafu, alikuwapo mama wa msichana juu ya kiti cha plastiki, amekunja mikono. Kiti hicho alikuja nacho mwenyewe kutoka nyumbani.

Mjomba wa Ndahiro, mzee Ruhimbika, aliyekuja kuwa msemaji, alitazama mbele, akatazama nyuma, akatazama tena mbele.

"Bon," akasema. "Mama wa msichana akikaa mlangoni, ni kusema anatuonyesha mlango. Sisi tunaelewa lugha."

"Hapana, mzee wangu," akasema Ruta, jasho linamtoka, "yeye anapenda tu kukaa pale."

"Nani anapenda kukaa pale?"

Vinywaji vilirudi Columbus bila kufunguliwa. Isaro, amefungiwa chumba cha pembeni, amepambwa mpaka kucha, alisikia milango ya magari ikifungwa mmoja mmoja, akahesabu minne. Ruhimbika alikuwa ameacha neno moja tu: watarudi siku mama atakapokaa mahali pa mama. Miezi sita ikapita. Ndahiro alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na swali lake lilikuwa fupi.

"Amekaa wapi leo?"

"Karibu na choo," alijibu Isaro.

"Bado, kumbe."

"Bado."

Sasa, Ruta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyejua kusema samahani, alijua kununua. Alifanya kazi zamu mbili katika kiwanda cha maziwa, na kila deni la moyo alilitafutia kitu dukani. Kwanza alimtumia mama yake sofa ya mtu mmoja, ya ngozi, ile ukivuta mkono wake inanyoosha miguu yako yenyewe. Vijana wawili waliileta mpaka ndani ya nyumba ya kupanga pale Iroquois. Nyirabagenzi aliwashukuru, akawapa chai, na walipoondoka akaisukuma sofa mpaka pembeni, akaigeuza itazame ukuta, akaweka juu yake nguo za kufua.

Ndipo Ruta akasikia habari za meli.

Alizisikia kiwandani, kwa mtu aliyekwenda na mkewe. Meli yenyewe ni mji: ina maduka, ina bwawa la kuogelea juu ya paa, na ndani yake kuna ukumbi wa maonyesho wa watu elfu moja. Kuingia humo ni bure, ukishalipia safari. Lakini viti vya mbele vimezungushiwa kamba nyekundu, na hivyo vinalipiwa peke yake. Ukilipa, unaletewa kinywaji ulipo, na kiti kinakungoja.

"Isaro, umesikia? Kinakungoja," alisema Ruta kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeona nchi ya ahadi. "Mwezi wa tatu, siku tano. Nitalipa kila kitu. Mimi, Ange, weye na Mama. Viti vinne vya kamba. Atakaa mbele ya Wazungu elfu moja. Donc, akikaa mbele ya watu elfu, kwa Ruhimbika atashindwa?"

Hesabu yake haikuwa mbaya, kwa hesabu ya mtu wa kununua. Siku iliyofuata Isaro alimweleza Kostansia, Mrundi aliyekuwa akifanya naye kazi meza moja ghalani, wakati wa kula.

Kostansia aliacha kutafuna. "Ngoja nielewe. Ukumbi ni bure?"

"Bure."

"Kuona ni bure?"

"Bure."

"Wanauza matako yakae wapi." Akaendelea kutafuna. "Nchi hii nimeipenda. Sisi kule kambini tulikuwa tunakimbilia mbele kwenye filamu za shirika la afya, hatukujua kwamba tunaiba."

Kumwambia mama ndiko kulikuwa kazi. Isaro alingoja siku tatu, mpaka jioni aliyomkuta amefurahi kidogo kwa sababu uji haukushika chini ya sufuria. Akamweleza meli, ukumbi, kamba. Nyirabagenzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile kiti, iko na jina?"

"Iko kwa karatasi. Jina yako, na namba ya kiti."

"Na nani anagawa?"

"Hakuna anayegawa, Mama. Kaka Ruta ananunua."

"Mtu mwingine akitaka, anaweza kununua?"

"Yeyote mwenye pesa."

Nyirabagenzi akapuliza uji. "Kiti mtu akikupa, unamshukuru. Kiti ya kununua, ukikaa, unamshukuru nani? Ile mashine ya kulipia?" Akanywa kidogo. "Nitaenda. Sijawahi kuona bahari. Kukaa, tutaona."

Wiki ile Ruta alimtumia Isaro karatasi za tiketi kwa posta. Isaro alizisoma kama anavyosoma kila kitu, kwa kidole, neno baada ya neno, mengine akiiuliza simu yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchanga, paliandikwa kwamba mwenye kiti cha kamba awe ameshakaa dakika kumi kabla ya onyesho kuanza. Baada ya hapo kamba inafunguliwa, na kiti ni cha yeyote atakayekiwahi. Pesa hairudi.

Akarudia kusoma. Halafu akamtazama mama yake, ambaye maisha yake yote alifika mahali pa heshima mtu wa mwisho, watu wote wakiwa wameshakaa, ili waliokaa wasimame. Mwenye kufika mapema ni mpishi. Kila mtu wa milimani kwao alijua hivyo. Kiti kisichongoja hakikuwahi kuwa kiti cha mkubwa.

Isaro alitaka kumpigia Ruta. Alishika simu. Kisha akakumbuka lile swali, unamshukuru nani, akaona kwamba hata mama akiwahi, hata akiketi katikati ya kamba na kinywaji mkononi, siku ya sita atarudi Louisville na Jumapili atakaa karibu na choo. Ruta atakuwa amelipa, na aliyelipa ameshamaliza. Akakunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia.

Ruta na mkewe Ange walifika kutoka Buffalo na gari la kukodi lenye safu tatu za viti. Bandari yao ilikuwa New Orleans, mwendo wa saa kumi na moja kwa barabara. Ruta alifungua mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa mkono wa shati.

"Mama, karibu hapa. Utaona nchi."

Nyirabagenzi akamshukuru, akazunguka gari, akapanda safu ya tatu, katikati ya masanduku. Saa zote kumi na moja. Ange, ambaye alikuwa mjamzito wa miezi mitano, ndiye aliyekaa mbele, na alikaa kama mtu aliyekalia yai. Walipita Tennessee, wakapita Alabama. Kila waliposimama kujaza mafuta, Ruta alifungua tena ule mlango wa mbele, na mama yake akamuuliza kama choo kiko upande gani.

Meli ilikuwa kama walivyoambiwa. Nyirabagenzi aliitazama bahari asubuhi nzima, akasema ni nyingi. Chakula kilimshangaza zaidi: watu walikaribishwa kula, wakashiba, wakakaribishwa tena, na hakuna aliyetoa salamu wala kumtaja mwenye karamu. Onyesho lilikuwa siku ya pili, saa moja jioni. Tangu mchana Ruta alipita mara tatu kwenye chumba chao.

"Saa moja kamili, Mama. Tushuke pamoja kwa saa kumi na mbili na nusu."

"Weye tangulia. Mimi nitakuja watu wakishakaa."

"Mama, huku Wazungu..."

"Umesema kiti iko na jina?"

"Iko na jina."

"Bon. Itanijua."

Ruta akatangulia na Ange kwenda kulinda viti. Isaro akabaki kumvisha mama umushanana, ile nguo ndefu inayofungwa begani, yenye nyuzi za dhahabu, ambayo ilivaliwa mara ya mwisho Buffalo. Nguo ile hushikwa kwa pini. Isaro aliziweka moja moja. Kila pini aliitia, akarudi nyuma hatua moja kutazama, akaitoa, akaitia tena kidole kimoja juu zaidi. Saa ndogo ya mezani ilisema kumi na mbili na dakika arobaini, ikasema hamsini. Hakumchelewesha mama yake. Hakumharakisha, basi.

Walifika mlangoni mwa ukumbi saa moja na dakika tano. Taa zilikuwa zimezimwa. Ukumbi ulishuka kama bonde, na kule chini kabisa, kwenye mwanga, mwanamume mwembamba aliyeshika kipaza sauti alikuwa anawachekesha watu. Mlangoni alisimama kijana mwenye koti jekundu. Akaitazama karatasi yao, akatazama saa yake, akazungumza kwa adabu nyingi. Adabu yake Isaro aliielewa kabla ya maneno.

"Anasema nini?" akauliza Nyirabagenzi.

"Anasema tumechelewa, Mama. Viti vilifunguliwa. Wamekaa wengine."

"Anauliza kadi ya rangi gani?"

"Hapana. Karatasi ni ya kweli, anasema. Ila viti vimekwisha."

Nyirabagenzi alisimama pale na dhahabu yake yote begani, akatazama chini. Kamba nyekundu ilikuwa imelala sakafuni. Katika safu ya kwanza walionekana Ruta na Ange kwa migongo yao, na pembeni yao, kwenye viti viwili vyenye jina, mzee mmoja wa kaptula na ndala anakula aiskrimu, na mkewe amevua viatu. Hawakuwa wamelipa chochote. Walikuwa wamewahi tu.

Kijana wa koti jekundu akahangaika kidogo, akaleta kiti cha kukunja, akakifungua mahali pekee penye nafasi: mwisho kabisa, karibu na mlango mdogo ambamo wahudumu walitokea na sinia za vinywaji. Ndani ya mlango ule kulisikika barafu ikimiminwa kwenye ndoo. Nyirabagenzi akakaa. Mhudumu wa kwanza akatokea, akamwomba radhi, naye akasogeza goti kama mtu anayejua kazi hiyo.

Isaro akasimama nyuma yake. Sasa aliona alichokifanya, na hakikuwa na sura nzuri. Alikuwa amemleta mama yake mpaka katikati ya bahari ili wamkalishe tena jikoni.

Kule chini Ruta aligeuka. Pengine aligeuka mara nyingi kabla ya hapo. Alitafuta kwenye giza la juu, mlango mdogo ukafunguliwa kwa mhudumu mwingine, mwanga ukamwangukia mama yake na nyuzi zake za dhahabu, akamwona.

Mkono wake ukainuka.

Isaro aliuona mkono ule ukipanda, kiganja kimefunguka, kama ulivyopanda Buffalo. Aliona bega la mama yake likikaza chini ya pini. Mkono ukafika juu ya kichwa, ukasimama hapo, haujapunga. Ruta aliutazama mwenyewe, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaushusha.

Akasimama. Katika safu ya kwanza, mtu mwenye kimo chake akisimama anaziba jukwaa. Akaanza kupanda ngazi za katikati, suti yake ile ile ya arusi, na yule mchekeshaji akamwona, maana watu wa mbele ndio chakula chake. Akasema kitu kwenye kipaza sauti kuhusu bwana aliyelipia kiti ghali ili afanye mazoezi ya ngazi. Watu elfu moja wakacheka. Mwanga wa jukwaani ukamfuata Ruta mgongoni, ngazi baada ya ngazi. Hakuharakisha. Nyuma yake akaja Ange, viatu mkononi, tumbo mbele, na watu wakacheka zaidi.

Viti vyao viwili havikukaa tupu hata dakika moja.

Ruta akafika juu akihema. Hapakuwa na kiti. Akaketi kwenye ngazi, kando ya miguu ya mama yake, magoti yamefika kidevuni. Ange akapewa ndoo iliyogeuzwa.

"Rudi mbele," akasema Nyirabagenzi bila kumtazama. "Umelipa."

"Nimelipa," akasema Ruta. Hakuondoka.

Kule chini mchekeshaji bado alikuwa na neno juu yao, na watu bado waligeuka kutazama.

"Yule anacheka nini?"

"Ananicheka mimi, Mama."

Nyirabagenzi akasikiliza kidogo lugha asiyoijua. "Anajua kazi yake," akasema.

Mhudumu akatoka na sinia. Ruta akasogeza goti. Mwingine akatoka, akasogeza tena. Mara ya tatu sinia ilimgonga kichwani, na maji ya barafu yakamwingia shingoni, na Isaro, aliyekuwa anatazama mabega, akaona mabega ya mama yake yanatikisika. Alidhani analia. Akainama kumtazama. Nyirabagenzi alikuwa anacheka kimya kimya, ameziba mdomo kwa ncha ya umushanana.

"Buffalo kulikuwa na soda tu," akamwambia Ruta. "Hapa wanamwaga na barafu."

Ruta alifungua mdomo. Isaro aliona neno likipanda, likakwama, likapanda tena. Hatimaye likatoka, likiwa dogo sana kwa mtu mwenye kimo kile.

"Unisamehe, Mama."

"Nyamaza, niangalie show," akasema Nyirabagenzi, ambaye kutoka pale alipokaa hakuona chochote ila nguzo.

Kesho yake Ruta alikwenda kwenye dirisha la tiketi kuuliza habari za pesa. Akarudi na kuponi nne za juisi.

Siku ya kurudi, pale bandarini, alipakia masanduku safu ya tatu, akabakiza katikati nafasi ya mama yake, kwa kuwa alikuwa ameshachoka kubahatisha. Nyirabagenzi akalizunguka gari. Akafika kwenye mlango wa mbele, akamwambia Ange:

"Leo miguu inaniuma. Weye nenda ukalale kule nyuma, mtoto anyooke."

Akapanda mbele. Akavuta mkanda, ukamshinda, Ruta akamfungia. Katika safu ya pili Isaro alitoa simu, akamwandikia Ndahiro huko Columbus.

*Amekaa mbele.*

*Mbele ya wapi?*

*Ya gari.*

*Nimwambie mjomba?*

*Mwambie.*

Siku ya posa, mwezi wa tano, ukumbi ulikuwa ule ule wa Shively. Isaro alikuwa ameshapambwa, lakini ilibidi kwanza amvishe mama, maana pini zile hakuna mwingine aliyeziweza. Kostansia, aliyekuja kupika, aliingia chumbani mbio.

"Wageni wa Columbus wameshaketi. Na kaka yako ana matatizo. Ameleta ile sofa ya ngozi kwa gari la mizigo, ameiweka mbele kabisa, ameikalia yeye. Mchungaji amekuja kumsalimu, hakusimama. Mzee Ruhimbika amemuuliza kama anaumwa mgongo. Anasema akiinuka tu, mtu atawahi kiti cha Mama. Anawaangalia wote kama wezi."

"Iko amekaa tangu saa ngapi?" akauliza Nyirabagenzi.

"Saa nzima sasa. Kuna mtoto alivuta ule mkono wa sofa, kaka yako akanyooshwa miguu mbele ya wakwe. Bado hakuinuka."

Nyirabagenzi akalifikiria hilo. Kostansia akarudi kwenye masufuria. Isaro akachukua pini ya kwanza, na kule nje Ndahiro alikuwa anamngoja.

"Weye," akasema mama yake, anatazama kioo. "Siku ile kwa meli. Pini ulikuwa unaweka moja moja."

"Niliogopa kukuchoma, Mama."

"Mm."

Nje walisikia Ruhimbika akiuliza jambo, na sauti ya Ruta ikijibu kutoka chini chini, kama ya mtu aliyelala chali.

"Leo niweke haraka?" akauliza Isaro.

Nyirabagenzi akanyoosha bega, akalitega vizuri kwenye mwanga.

"Hapana," akasema. "Weka kama siku ile."